Gereji ya Bati Isiyorudisha Kutu: Mhadhara kwa Wanaokarabati Malori

Mabibi na mabwana, ndugu zangu mafundi, na ninyi wenye lori la zamani, na pikapu nami naihesabu humo, lililolala nje misimu mingi ambalo sasa mnataka kulifufua.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kuchagua gereji ya bati ya bei nafuu, na naona wengi mmekuja na karatasi za bei mkononi mkitarajia niwaambie ipi ni rahisi kuliko nyingine. Nitafika huko, lakini nitaanza na jambo ambalo nimelisema mara nyingi na sitaacha kulisema, kwa sababu bado naona watu wakiumia kwalo. Lori hukarabatiwa kwa sababu ya kutu, na jengo la bati lililochaguliwa kwa bei peke yake hutengeneza kutu. Mtu humaliza miezi akikwangua, akikata na kuchomelea viraka, na kila usiku jengo lake mwenyewe humrudishia kile alichokiondoa mchana.

Gereji yangu ya kwanza niliichagua kwa kulinganisha bei tu. Ilikuwa mita 6 kwa 6, bati tupu juu ya papi, yaani vipande vya paa ambavyo bati hupigwa juu yake, na sakafu ya zege iliyomwagwa moja kwa moja juu ya udongo ulioshindiliwa. Aliyeniuzia hakugusia unyevu, nami sikuuliza. Nilikuwa nimeisafisha kebini ya pikapu hadi chuma kitupu, kazi ya wiki tatu ya grenda, brashi ya waya na msasa, nikaiacha usiku mmoja tu ili niipige praima, rangi ya kwanza ya kukinga chuma, asubuhi. Mchana ule mvua ilikuwa imenyesha kisha jua likawaka. Usiku mawingu yakaondoka na baridi ikashuka. Nilipofungua mlango alfajiri nilidhani paa linavuja. Matone yalikuwa yamejipanga kwa mistari kufuata papi, kila moja likining'inia kwenye ncha ya skrubu iliyochomoza ndani. Chini yake, juu ya kebini, palikuwa na safu za madoa ya mviringo yenye rangi ya chungwa, na kila doa lilikuwa na kiini cheusi katikati. Niligusa moja, kidole kikatoka na unga. Nilipanda ngazi nikalikagua paa lote, na halikuwa na tundu hata moja.

Maji yale yalitoka hewani. Hewa ya nyuzi 30 za Selsiasi inaweza kubeba gramu 30 hivi za mvuke wa maji katika kila mita ya ujazo, lakini ikipoa hadi nyuzi 20 haiwezi kubeba zaidi ya gramu 17 hivi. Kwa gereji kama yangu, yenye kimo cha mita 3, hewa iliyoshiba mvuke ikipoa kiasi hicho humwaga karibu lita moja na nusu ya maji, na hapo bado hatujahesabu unyevu unaopanda kutoka ardhini kupitia zege. Bati ndilo linalopoa kwanza, kwa sababu ni jembamba na usiku hupoteza joto lake kwenda angani hadi likawa baridi kuliko hewa inayolizunguka. Asubuhi mambo hugeuka: hewa hupata joto haraka, shasi, yaani fremu ya chini ya gari, ambayo ni chuma kizito hubaki baridi, na umande huihamia shasi. Na msidhani kwamba ni lazima muone matone ndipo muwe na hasara, kwani unyevu wa hewa ukipita asilimia 60 hivi, chuma kisicho na rangi huanza kushika kutu kwa kasi hata kama kinaonekana kikavu.

Najua yatakayosemwa, kwa kuwa huulizwa kila mara. Wa kwanza husema kwao hakuna baridi. Ndugu yangu, haihitajiki baridi. Linahitajika bati lililo baridi kidogo tu kuliko hewa. Mahali penye nyuzi 27 na unyevu wa asilimia 85, upungufu wa nyuzi 3 tu unatosha kuleta umande. Wa pili husema atawasha jiko la gesi ndani apate joto. Huyo anaongeza maji. Kilo moja ya gesi ya propani ikiungua huzaa zaidi ya kilo moja na nusu ya maji kama mvuke, na mafuta ya taa nayo huzaa zaidi ya uzito wake. Tena anaongeza hewa ya sumu ya kaboni monoksidi katika chumba kilichofungwa, jambo linaloua watu waliokuwa wakijipasha moto tu.

Wa tatu husema kinga ya unyevu ni gharama ya matajiri. Hapa ndipo ninapokosa subira, kwa sababu hesabu yake iko kinyume. Karatasi ya plastiki nene, ya robo milimita, iliyotandazwa chini ya zege kabla ya kumwaga, vipande vyake vikipishana sentimita 30 na kufungwa kwa utepe, ni sehemu ndogo sana ya gharama ya sakafu. Ukishamwaga zege bila hiyo, hakuna tena njia rahisi ya kuirudisha. Blanketi la kuzuia joto, au bati lililobandikwa kitambaa maalumu cha kunyonya umande upande wa ndani, huwekwa siku ile ile paa linapopigwa. Ukisubiri mwaka mmoja itakubidi kufungua paa au kufanya kazi kichwa juu kati ya papi. Matundu ya hewa chini ya kuta na kwenye kofia ya paa hayahitaji umeme, kwa kuwa hewa yenye joto hupanda yenyewe na kutoka na unyevu wake. Anayetaka kupunguza gharama na apunguze madirisha, rangi za nje na mlango wa pili.

Sasa karatasi zenu za bei. Someni kwanza yasiyoandikwa: mara nyingi bei ile haina sakafu, milango, usafiri, wala mafundi wa kusimamisha jengo. Kwenye geji, yaani namba ya unene wa bati, namba ikipanda bati linakuwa jembamba, kwa hiyo bati la geji 30 ni jembamba kuliko la geji 28, na wauzaji wawili wanaotumia neno "bati" huenda hawauzi kitu kimoja. Omba unene kwa milimita, kisha uliza kiasi cha zinki, yaani madini yanayopakwa juu ya bati kulikinga na kutu. Alama Z275 maana yake ni gramu 275 za zinki kwa kila mita ya mraba, pande zote mbili kwa jumla. Z100 ni gramu 100 tu, na jengo la namna hiyo litaanza kuoza mapema zaidi. Migongo ya bati la paa ielekee chini kutoka kwenye kofia ili maji na majani visilale juu yake.

Kuhusu ukubwa, msipime lori likiwa zima. Pikapu ya milango minne ina urefu wa mita 5.3 hivi na upana wa mita 1.9, na ikiwa nzima inaingia vizuri katika mita 6 kwa 6. Ukishainua kebini na kutoa bodi ya nyuma una vitu vitatu sakafuni, na kila kimoja kinataka nafasi ya mtu kupita na kuchomelea. Mita 6 kwa 9 ndicho kipimo ninachokitetea. Mtu ataniuliza kuhusu kontena la futi 40. Ndani lina upana wa mita 2.35, yaani linakuachia sentimita zisizofika 25 kila upande wa pikapu hiyo, na hata mlango wa gari haufunguki. Kontena mawili yaliyotenganishwa na kuezekwa paa katikati ni jambo jingine, na ni jambo zuri: unapata stoo mbili zinazofungwa pamoja na ukuta mzito ambao upepo hausogezi.

Upepo nausema kwa kifupi, ingawa unastahili zaidi. Nguvu yake huongezeka mara nne kasi inapoongezeka mara mbili. Kwa kilomita 108 kwa saa huweza kusukuma takriban kilo 55 kwa mita ya mraba, na kwa paa la mita 6 kwa 9 hizo ni karibu tani 3, huku mlango ulioachwa wazi ukiuruhusu usukume kutoka ndani kwenda juu. Nguzo zifungwe kwa bolti ndani ya zege, kamwe zisifungwe kwa vigingi vya ardhini peke yake. Injini msiining'inize kwenye kenchi, yaani fremu zinazoshikilia paa. Kenchi za majengo haya zimehesabiwa kubeba paa, na injini ya dizeli inayozidi kilo 200 inataka winchi yenye miguu yake sakafuni. Shimo la kukagulia chini ya gari silipendekezi, kwa sababu mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na hutuama humo ukisubiri cheche ya grenda.

Umeme na chumba cha kupigia rangi sitavifikia leo. Ila kwa wenye sakafu tayari, nimeleta hapa mbele vipande vya plastiki vya nusu mita kwa nusu mita pamoja na utepe. Chukueni kimoja kila mtu, mkibandike leo juu ya zege kavu pande zote nne pasipo kupitisha hewa, na kesho jioni mkifunue. Mkikuta matone upande wa chini, au zege limekolea rangi mahali hapo, basi unyevu unapanda kutoka ardhini; leteni habari hiyo kabla hamjaagiza bati hata moja.