Sarafu yako: uipeleke ikapimwe daraja, au uiuze ilivyo?

Haya, karibuni tena mezani. Leo nina dola nne za Marekani, zile za fedha zinazoitwa Morgan, zilizotengenezwa kuanzia 1878 hadi 1904, kisha tena 1921. Zote zinakwenda kuuzwa. Swali ni moja tu: ipi tuipeleke PCGS au NGC, kampuni za kupima daraja la sarafu, ikapimwe na kufungiwa kwenye lile kasha gumu la plastiki, na ipi tuiuze hivihivi?

Nawa mikono, tandika kitambaa laini, shika sarafu kwa ukingo. Hayo mnayajua, twende.

Kwanza tuitoe kwenye kadi. Hapa naomba tutulie. Hizi kadi zenye dirisha la plastiki zimebanwa kwa pini za stepla, na pini ni chuma kigumu kuliko fedha. Usichane kadi ukaivuta sarafu! Ng'oa pini zote kwanza. Zote. Hii moja... mbili... tatu, na ya nne ile pale imejikunja kwa ndani, mnaiona? Hiyo ndiyo mbaya. Sarafu ikipita juu yake, mkwaruzo utalala shavuni mwa huyu mama aliyechorwa kwenye sarafu na hautoki milele. Narudia, kwa wale waliorusha video mbele: pini kwanza, sarafu baadaye.

Sasa mwaka, na herufi ya kiwanda. Geuza nyuma, tazama chini ya shada, juu ya neno DOLLAR. S ni San Francisco, CC ni Carson City. Pakiwa patupu ni Philadelphia. Hii ya kwanza ni ya 1921, haina herufi. Zilitoka zaidi ya milioni 44 za namna hiyo, na yetu imetembea mifukoni mpaka nywele zimelainika. Hii haiendi popote. Ada ya kuipima itakula faida yote na pengine kuuma mtaji. Weka kando.

Mizani. Morgan ikiwa mpya ina gramu 26.73. Iliyochakaa hupungua kidogo, usishtuke. Uzito ukiwa sawa haujathibitisha kwamba sarafu ni halali, ila ukiwa mbali sana umeshaokoa ada.

Tuje kwa hizi mbili za 1881-S, yaani mwaka 1881 na herufi S. Ngoja, taa inaakisi, hamuoni kitu. Nazima ile ya duara... sasa kamera nayo inatafuta... haya, imekaa. Taa moja tu, kutoka upande. Mimi hupenda balbu ya zamani ya rangi ya njano, wengine watabisha, wabishe. Inamisha sarafu polepole na uizungushe. Mnaona ile miali inavyokimbia kuzunguka uso? Huo ni mng'ao wa kiwandani. Hauigiziki kwa dawa ya kung'arishia.

Sasa hii ya pili. Inang'aa kuliko mwenzake, sivyo? Mtu akiziona kwenye picha ataichagua hii. Lakini inamisha... miali haikimbii. Chukua lenzi inayokuza mara tano. (Hizi ninauza, kiungo kiko chini, lakini yoyote safi inafaa.) Tazama pale palipo wazi mbele ya uso: mistari myembamba kama nywele, yote imelala upande mmoja. Hiyo imefutwa kwa kitambaa. Ukiituma haitapata namba ya daraja, itarudi na neno Details na maelezo kwamba imesafishwa, na ada umeshalipa. Iuze ilivyo, na umwambie mnunuzi ukweli.

Vidonda vidogo vilivyotawanyika shavuni ni jambo lingine. Sarafu hizi zilisafiri kwenye magunia zikigongana. Hivyo vinashusha daraja tu, haviikoseshi namba.

Kwa hiyo ile ya kwanza. Kipimo ni cha 1 hadi 70, na kuanzia 60 ndipo sarafu ambazo hazijatumika. Tazama nywele juu ya sikio na kifua cha yule ndege tai wa upande wa nyuma. Ndipo panapochakaa mapema. Hapa pako sawa. Macho yangu yanasema 64, labda 65. Labda! Hapa ndipo watu wanapojidanganya, kila mtu sarafu yake ni 66. Andika 63 kwenye karatasi na upige hesabu kwa hiyo.

Tafuta bei ambazo sarafu za 63 zimeuzwa kweli kwenye minada, siyo bei ambazo wauzaji wanaota. Toa bei unayoweza kupata ikiwa haina kasha. Kutoka kwenye tofauti hiyo ondoa ada ya kupima, usafirishaji wa kwenda na kurudi, na bima. Kwa mwaka wa kawaida kama 1881-S, kwa 63 mara nyingi hakibaki kitu. Ikiwa faida inapatikana kwa 66 pekee, hiyo ni bahati nasibu. Ninayo nyingine nitakayotuma, kwa hiyo usafirishaji utagawanyika, lakini bado hii naiuza tupu.

Na hiyo nyingine ni hii: 1893-S. Imechakaa, haina mng'ao, sura imefutika nusu. Hii inaenda, hata ikirudi na namba ndogo! Zilitengenezwa 100,000 tu, na kuna matapeli wanaochukua ya 1898-S na kuichonga ile 8 ya mwisho iwe 3. Mnunuzi hatakulipa bei yake kwa maneno yako. Hapa unalipia uthibitisho kuliko daraja.

Kufunga: kifuko laini kisicho na PVC, aina ya plastiki, maana PVC huacha utando wa kijani. Andika thamani ya kweli kwenye fomu, maana bima inafuata hapo. Piga picha pande zote mbili na ukingo. Na usiirudishe kwenye kadi ya pini, jamani.