Tumbo Linabaki Juu: tunaongea rolakosta

SHAIBU: Haya karibuni tena, tuko Mtwara hapa Shangani, upepo wa bahari mnausikia kwenye maiki mtatusamehe. Dada Somoe nianze na swali, ushawahi kushuka na basi kutoka Newala kwenda Masasi ukakaa siti ya nyuma?

SOMOE: Mara ngapi kaka Shaibu! Mkianza tu kushuka mlima, mwili unaenda chini tumbo linabaki juu.

SHAIBU: Basi hilo tumbo kuna watu wanalilipia hela. Mdogo wangu yuko Abu Dhabi kikazi, juzi kanitumia voisi, kapanda rolakosta, ile treni ya kuchezea inayopanda na kushuka kwa kasi juu ya reli, inaitwa Formula Rossa, ipo pale kwenye bustani ya michezo ya Ferrari World tangu 2010, anasema wanavalishwa miwani kabisa maana inafika kilomita 240 kwa saa ndani ya sekunde kama tano, sasa mchanga wa jangwani ukupige jichoni kwa spidi hiyo! Sauti inamtetemeka mpaka nimeirudia mara tatu.

SOMOE: Mi huku nimezoea bembea za Idi, na hizo ikienda juu sana nafumba macho. Injini yake ikizima mko juu je?

SHAIBU: Hapo ndo patamu, behewa halina injini! Hiyo Rossa inavutwa na winchi ikitoka, lakini nyingi mnyororo unawapandisha taratibu mpaka kileleni, unawaachia, basi, kuanzia hapo mnaenda kwa uzito wenu wenyewe. Ndo maana kilima cha kwanza mara nyingi ndo kirefu kuliko vyote, maana kila mkikata upepo na matairi yakisugua reli nguvu inapungua, hamuwezi tena kupanda juu kama mlikotoka.

SOMOE: Na mnyororo ukikatika katikati ya kupanda?

SHAIBU: Si ushasikia kwenye video ile tatatata wakati wa kupanda? Ni vyuma chini ya behewa vinadaka meno ya chuma yaliyopangwa kama ngazi kwenye reli, kama gurudumu la nyuma la baiskeli ukiacha kupiga pedeli, linakubali upande mmoja tu. Mnyororo ukikatika mnabaki palepale, hamrudi nyuma.

SOMOE: Sawa, hilo limenipoza. Ila kugeuzwa miguu juu, mtu haanguki?

SHAIBU: Hiyo ndo kazi ya chuma sasa. Zamani reli zilikuwa za mbao zimepigiliwa chuma chembamba juu, mbao utaikunja wapi? 1959 pale Disneyland Marekani wakajenga rolakosta ya Matterhorn, reli ya bomba la chuma, na bomba unalikunja unavyotaka. Matairi yanalikumbatia, mengine juu, mengine ubavuni, mengine chini kabisa, behewa haliwezi kutoka hata likipinduka.

SOMOE: Yaani kama mkono umeshika mpini wa jembe.

SHAIBU: Umemaliza dada! Alafu kile kitanzi cha kupinduka si duara. Duara kamili lilijaribiwa zamani sana likawa linaumiza watu shingo, unabanwa ghafla pale chini. Mjerumani Werner Stengel akachora umbo la tone la maji, juu pamebana chini pamefunguka, likajengwa California 1976.

SOMOE: Ile rolakosta iliyokuwa ndefu kwenda juu kupita zote, Kingda Ka ya New Jersey, Marekani, mita 139, nilikaa nikapiga hesabu, minazi ya mita 20 saba umeipandanisha! Wameibomoa kwa baruti Februari 2025, nikasikitika kweli, na wala sijawahi hata kuiona.

SHAIBU: Iliniuma na mimi.

SOMOE: Sasa breki? Maana sie tunajua umeme ukikatika mambo yanavyokuwa.

SHAIBU: Breki nyingi siku hizi ni sumaku. Kuna bapa la shaba linapita katikati ya sumaku, mwendo wenyewe ndo unazaa nguvu ya kulizuia, haihitaji umeme hata chembe, ukienda kasi ndo inakukaba zaidi. Na kila asubuhi mafundi wanakagua, behewa linazungushwa tupu kwanza kabla ya mtu kupanda.

SOMOE: Basi napanda. Nikae mbele?

SHAIBU: Nyuma dada, kama basi la Newala! Mbele wanavuka kilele polepole, we wa nyuma unakuta treni ishaanza kukimbia, unavutwa, makalio yanaachana na kiti.

SOMOE: Yallah! Nitumie hiyo voisi ya mdogo wako usiku huu, nataka kusikia alikaa wapi.