Arabuko-Sokoke si msitu mmoja

Walimu wangu, wazee mliotoka Gede na Jilore, na nyinyi vijana mliojibanza kule mlangoni, hamjambo? Nimeombwa nizungumze juu ya viumbe vya Arabuko-Sokoke, msitu wetu huu wa pwani ya Kenya. Najua wengi mmekuja kusikia habari za ndovu. Mtanivumilia, maana nitaanza na udongo.

Ukiingia msituni kwa upande wa bahari, uko kwenye miti mchanganyiko, na mbambakofi ni mmojawapo. Mvua huku hufika milimita 1,000 hivi kwa mwaka. Endelea kwenda bara, mvua inazidi kupungua, hata kule kaskazini-magharibi ni kama 600 tu. Katikati utapita mchanga mweupe usio na rutuba, ambako miti iitwayo mirihi imesimama kwa nafasi na jua linafika chini. Halafu udongo unageuka mwekundu, mirihi inakoma, na unajikuta ndani ya mfunda: vichaka vilivyosongamana hata mtu mzima hupita kwa kujikunyata. Serikali ya kikoloni iliutangaza msitu huu mwaka 1932 kama kitu kimoja, na mpaka leo tunausema hivyo, kilomita za mraba 420 hivi. Mimi nasema ni misitu mitatu iliyopewa jina moja, na jina hilo linatupoteza.

Mchukue bundi wa Sokoke. Wataalamu walimpa jina lake la kisayansi mwaka 1966. Ni mdogo, sentimita 16 tu, na wako wa kijivu, wa kahawia na wa wekundu wa kutu. Najua kwetu bundi akilia juu ya paa watu hawalali. Huyu hana shughuli na mapaa yenu. Yeye anataka mfunda wa udongo mwekundu. Mirihi iko kilomita chache tu, lakini nenda ukamtafute huko uone kama utampata. Nje ya pwani yetu, anajulikana kwenye vilima vya chini vya Usambara Mashariki, Tanzania, basi.

Sasa, ndani ya mfunda huo mna mhuhu, mti mgumu unaopendwa na wachonga vinyago. Ulikatwa miaka na miaka, mmoja leo, miwili kesho, na aliyetazama kutoka barabarani aliona kijani kilekile. Lakini bundi wa jamii hii hulea makinda kwenye matundu ya miti iliyokomaa. Kichaka chembamba kina tundu gani?

Wa pili ni sange wa kiuno cha dhahabu, mnyama mdogo wa ardhini. Huyu nampenda, sifichi. Uzito wake ni kama nusu kilo, pua ndefu isiyotulia, na matako ya manjano yanayong'aa ndani ya kivuli. Ngozi ya hapo matakoni ni nene kuliko ya mgongoni. Adui hurukia kile kinachong'aa, anauma pagumu, na sange anaponyoka. Dume na jike hushika eneo moja, hawaachani, lakini kila mmoja hulala kwenye lundo lake la majani. (Kicheko.) Nyinyi mliooa mnaelewa zaidi. Na kwa waliokuja kwa ajili ya ndovu: sange kiukoo yuko karibu na ndovu kuliko na panya, kwa hiyo deni langu nimelipa.

Chakula chake ni wadudu waliomo ndani ya majani makavu, anayoyapekua kwa pua. Msitu uliofagiwa majani kwake ni sahani tupu, hata kama miti yote imesimama.

Nimemweka mwisho ndege aitwaye kwera wa Clarke, kwa sababu yeye anatutoa nje ya uzio kabisa. Alielezwa kisayansi mwaka 1913. Watu walimwona kwenye mirihi ya Sokoke, makundi kwa makundi, lakini hakuna aliyejua anataga wapi. Kiota kilionekana mwaka 2013, miaka 100 baadaye! Wala hakikuwa Sokoke. Kilikuwa Dakatcha, ng'ambo ya Mto Sabaki, kwenye majani ya ndago ndani ya kinamasi kinachojaa msimu wa mvua na kukauka baadaye. Wanakijiji wa hukohuko walikuwa miongoni mwa waliokipata.

Dakatcha si msitu wa serikali. Ni ardhi ya jamii, na watu wanachoma makaa na kufyeka kupanda mananasi. Siwalaumu, ada ya shule hailipwi kwa kwera. Huku Gede, tangu 1993, mradi wa Kipepeo umewapa wakulima wa kando ya msitu njia ya kufuga viwavi na kuuza pupa, yaani viwavi vilivyojifunga kabla ya kuwa vipepeo, kwa nyumba za vipepeo za Ulaya na Marekani. Ndiyo maana leo mzee wa Gede akisikia msitu unakatwa, anauliza maswali. Mzee wa Dakatcha analinda kitalu cha ndege wetu bila kipato cha namna hiyo, na tunapopanga bajeti ya Arabuko-Sokoke hesabu inaishia kwenye uzio wa umeme wa msitu. Mimi ningeanza na vile vinamasi vya Dakatcha: viainishwe pamoja na wenye ardhi, na walipwe kwa kuviacha na ndago zake.

Mama pale ameinua mkono tangu nilipotaja mananasi. Tuanze na swali lake.