Siku ya Tatu ya Mgeni

(Mazungumzo na vijana wanaojiandaa kwa safari ya umisheni nchini Burundi, Kigoma mjini)

Bwana Yesu asifiwe! Mmeitikia kama watu wenye njaa, na harufu ya jikoni hata mimi naisikia. Nitajitahidi nisiwacheleweshe.

Wachungaji, wazee wenzangu, mama zangu, na ninyi vijana mtakaovuka mpaka pale Manyovu wiki ijayo. Nimeombwa nizungumze juu ya yale Mkristo anayoweza kujifunza katika safari fupi ya umisheni nje ya nchi. Nilimuuliza katibu, fupi kiasi gani? Akasema siku kumi. Nikacheka moyoni, maana wahenga walishatoa ratiba: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi watu wa siku kumi tuna ujanja wetu. Tunapanga siku zote kumi ziwe siku ya kwanza: kuku, soda, wimbo wa kukaribishwa, picha ya pamoja, kwaheri. Jembe hatulioni.

Kabla ya kutuma watu, Kigoma tumepokea sana. Pale Ujiji watalii huonyeshwa mahali Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871. Ile salamu yao kila mtu anaijua, siirudii. Wachache wanakumbuka kwamba Machi 1869 Livingstone aliingia Ujiji akiwa hoi, mapafu yanamsumbua, baada ya kubebwa sehemu kubwa ya njia. Aliyemuuguza ni Mohamed bin Gharib, Mwislamu, mfanyabiashara wa misafara ya pembe na watumwa, biashara ileile ambayo Livingstone aliilaani maisha yake yote. Fikirieni: mmishenari mashuhuri kuliko wote waliofika kwetu, analishwa na mtu ambaye angetaka kumhubiria. Nadhani hakuna shule ya umisheni inayofundisha somo hilo kwa hiari.

Nami nimekaa miaka mingi kwenye kamati ya mapokezi ya kanisa letu. Wageni wakija wiki mbili, sisi tunahangaika miezi miwili. Mwaka mmoja tuliazima magodoro kumi na manne kwa waumini. Yalirudi kumi na moja. Wageni waliandika kwao kwamba walilala kwa raha na watu wa Kigoma ni wakarimu sana, na ni kweli, ila mama mmoja wa Gungu hadi leo akiniona sokoni ananiuliza habari za godoro lake. Ninyi wiki ijayo mtalalia la mtu. Ulizeni ni la nani, na yeye analala wapi.

Sasa fedha. Baada ya kimbunga Mitch kuipiga Honduras mwaka 1998, vikundi vingi vya makanisa ya Amerika Kaskazini vilikwenda kujenga nyumba. Mtafiti mmoja aliyeishi hukohuko, Kurt Ver Beek, akafuatilia. Nyumba ambayo mafundi wa pale waliijenga kwa kama dola 2,000, kikundi cha wageni, ukijumlisha nauli na malazi, kiliweza kutumia kama dola 30,000. Alipowauliza wenye nyumba maisha yao yamebadilikaje, hakuona tofauti kati ya waliojengewa na wageni na waliojengewa na wenyeji wenzao. Mtasema, lakini waliosafiri walibadilika! Alilitazama na hilo, akakuta mabadiliko ni haba kuliko walivyosimulia wenyewe waliporudi. Sisemi msiende. Nasema nauli yenu ni sadaka ya wajane wa hapa, basi mrudi na kitu.

Nilichorudi nacho mimi nilikipata Burundi, kijiji kimoja cha milimani juu ya Rumonge. Tulikwenda watu kumi na moja, na jenereta, na spika mbili. Tulikuwa na Waha wanne, na mnajua Muha na Mrundi, kila mmoja akisema lugha yake, wanaelewana bila shida. Lakini mhubiri wetu alikuwa mtu wa pwani, kwa hiyo tukahubiri Kiswahili na mkalimani akatafsiri. Wale Waha tukawapa kazi ya kubeba spika. Usiku wa kwanza tukahubiri msamaha. Usiku wa pili, msamaha. Mikono ikainuka, nikahesabu arobaini na tatu nikaandika daftarini.

Asubuhi ya tatu jenereta likagoma. Mwenyeji wetu, mama mjane, akatutazama tumekaa tu barazani, akasema kwa upole kwamba shambani kuna chikichi zimeshachemshwa, zinasubiri watu wa kusukuma. Ule mtambo wa mawese wengine mnaujua: pipa la chuma, ndani mhimili, juu yake mti mrefu, na watu wanausukuma wakizunguka kama ng'ombe. Nilidhani ni mchezo. Baada ya saa moja viganja vilikuwa na malengelenge, mafuta hadi kwenye viwiko, na miguu inateleza kwenye makapi.

Aliyekuwa mbele yangu kwenye ule mti alikuwa mtu wa makamo. Akaanza kuongea, na Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko cha mkalimani wetu. Nikamuuliza, ndugu, umekipata wapi? Akasema, Ulyankulu. Tabora! Babaye alikimbia mauaji ya Burundi mwaka 1972, yeye akakulia huko kambini kwa wakimbizi, akasoma huko, akalima tumbaku huko. Mwaka 2008 akarudi kwao na familia yake, akakuta shamba la babaye lina mtu mwingine, amekaa zaidi ya miaka thelathini, naye ana karatasi za serikali. Michikichi tuliyokuwa tunakamua aliipanda baba yake. Yeye alikuwa kibarua wa kutwa. Na huyo mwenye shamba, akaniambia bila kugeuka, ni mzee wa kanisa, hukaa benchi la mbele.

Nikamwambia, nilikuona jana umenyoosha mkono. Akacheka. Akasema: "Mimi nimeokoka mara tatu, mzee. Kwa Wazungu, kwa watu wa Bujumbura, na jana kwenu. Wageni mmetoka mbali, tukiwaacha bila hata mkono mmoja si adabu."

Sikulala vizuri usiku ule. Mikono arobaini na tatu, na sijui ni mingapi iliinuliwa kwa ajili ya Kristo na mingapi kwa ajili ya adabu. Jioni ile mhubiri wetu, namheshimu kwa hili, hakupanda jukwaani. Tulikaa na wazee wa pale tukasikiliza. Hatukusuluhisha lolote. Shamba likabaki lilivyo. Ila nilifahamu kwamba tulikuwa tumepiga kelele za msamaha siku mbili juu ya kidonda tusichokijua, kati ya watu wawili tuliowapa mkono mlangoni.

Kuna kijana hapa ataniambia Paulo naye alikaa Thesalonike sabato tatu tu sinagogini. Ndiyo, soma Matendo 17. Halafu soma barua yake ya kwanza kwao: anawakumbusha kwamba alifanya kazi usiku na mchana asiwalemee. Na aliposhindwa kuvumilia kutojua hali yao, akamtuma Timotheo arudi. Safari ilikuwa fupi lakini hakuachana nao. Sisi huwa tunamalizana na watu kwenye ripoti.

Kwa hiyo nimemwomba kiongozi wenu mambo machache tu. Waha mlionao wahubiri Kiha, spika zibebwe na wengine. Hesabu ya mikono msiandike. Na siku ya tatu ratiba iwe tupu, asubuhi nzima, hata jenereta likiwa zima.

Yule ndugu wa Ulyankulu bado ananipigia simu, hasa msimu wa mavuno. Kesi ya shamba haijaisha. Kila mara huniuliza kama viganja vimepona. Namba yake nimempa kiongozi wenu. Mkimkuta mtamboni, shikeni mti kwanza, salamu zangu mtampa mkiwa mnazunguka.