Kitabu cha Kusoma na Kitabu cha Kushika: Mhadhara kwa Wanafunzi wa Tiba ya Watoto, Mombasa

Salaamu alaikum. Wakubwa wangu, shikamooni. Wanangu, hamjambo? Naona wanafunzi wa ukliniki upande huu, wauguzi kule dirishani mlikofuata upepo, na madaktari wanagenzi hapa mbele, wengine macho mekundu, mmetoka zamu ya usiku moja kwa moja. Ahsanteni kwa kuja na joto hili.

Nimeitwa nijibu swali ninaloulizwa kila mwaka na wanafunzi ambao hata mlango wa wodi bado hawajaujua: "Daktari, ninunue kitabu gani cha watoto?" Swali lina uzito wake. Kitabu ni pesa, na karo ya baadhi yenu imetoka kwa mama anayekaanga viazi karai tangu alasiri mpaka usiku. Tena kitabu hicho ndicho utakachokifungua saa tisa za usiku, mtoto yuko kwenye degedege, na mamake amekushika koti hakuachii.

Tuanze kwa kutenganisha. Kuna kitabu cha kusoma, na kuna kitabu cha kushika. Cha kusoma ni kama Nelson, kile kitabu kikubwa cha tiba ya watoto, majuzuu mawili, ukiyatia kwenye begi bega linalala upande. Hicho kina meza yake na kina jioni yake. Kinakueleza ugonjwa umetoka wapi na unafanya nini mwilini, na daktari asiyekaa nacho hatakuwa daktari wa watoto kamili. Cha kushika kinaingia mfukoni. Hukisomi, unakichungulia: dawa gani, kiasi gani kwa kilo, kwa njia gani, kila baada ya saa ngapi. Wanafunzi wengi hununua kimoja wakitaraji kazi ya kile kingine. Utamwona mtu amebeba juzuu zima wodini, analifunua kurasa, na mtoto anangoja.

Mhadhara huu ni wa hicho cha kushika.

Kinachotajwa zaidi duniani ni kile cha Harriet Lane. Huyo Harriet Lane alikuwa mpwa wa Rais James Buchanan wa Marekani. Alijaliwa wana wawili wa kiume, na wote wawili akawazika wangali wavulana. Akaacha wasia mali yake ijenge nyumba ya kutibu watoto mjini Baltimore, nayo ikafunguliwa 1912, ikiwa pamoja na hospitali ya Johns Hopkins. Katikati ya karne iliyopita madaktari waliokuwa mafunzoni pale wakaanza kukusanya maandishi yao ya mfukoni, yale wanayoyahitaji usiku, wakayafanya kitabu. Mpaka leo wahariri wake ni wakuu wa madaktari walioko mafunzoni palepale, na kila baada ya miaka mitatu hivi hutoka toleo jipya.

Nakipenda kitabu kile kwa jambo hilo moja: kimeandikwa na watu wanaokesha. Lakini walikesha Baltimore. Na kitabu cha kushika kinaijua nyumba kilimozaliwa, hakijui nyumba yako.

Niwape mfano mdogo. Mwanafunzi wangu mmoja alikuwa na mtoto wa pumu, kifua kinalia filimbi. Akafungua kitabu cha Kimarekani, akatafuta salbutamoli kwenye faharasa, kwenye herufi S. Haipo. Akarudia, haipo. Jasho likamtoka. Kumbe Wamarekani huiita albuteroli, imekaa kule mwanzoni kwenye A. Parasetamoli kwao ni asetaminofeni, adrenalini ni epinefrini. Ukiyajua hayo mchana ni jambo dogo sana. Ukiyagundua usiku ni dakika mbili za mtoto asiyepata pumzi.

Vipimo navyo hivyohivyo. Mashine yetu ya sukari imesoma 2.4. Kitabu cha kule kinakwambia hatari ni chini ya 45. Wewe umesimama na namba mbili zisizojuana, kwa sababu mashine inahesabu kwa milimoli katika lita na kitabu kinahesabu kwa miligramu katika desilita. Zidisha yetu kwa 18 utapata kama 43, basi sukari imeshuka, mpe sukari sasa. Lakini nani anataka kuzidisha kwa 18 saa hiyo?

Hayo ni majina na namba, mtu huzoea. Lililo zito zaidi nililipata mimi mwenyewe nikiwa mwanagenzi, katika hospitali ambayo sitaitaja. Kijitabu cha taifa, kile cha Wizara ya Afya nitakachowatajia, kilikuwa hakijatoka. Akaletwa mtoto wa mwaka na miezi, anaharisha siku ya nne, macho yameingia ndani, mikono baridi. Miguu ilikuwa imevimba, na ngozi yake inachunika. Nilikiona kile kichunuko, nikakipita. Nikafungua kitabu changu cha ng'ambo, kipya, nilichokisifia kwa wenzangu wiki nzima. Kikasema: mililita 20 kwa kila kilo, haraka, kisha rudia. Nikafungulia dripu. Sista wa zamu, mama mtu mzima, akaja akaugusa mguu wa yule mtoto kwa kidole, kidole kikaacha shimo. Akaniambia, "Daktari, mtoto huyu ana kwashakoo. Punguza maji." Nikamwonyesha ukurasa. Akasema, "Nimeuona. Na wewe mtazame mtoto." Nikatazama: pumzi imeongezeka, na ini ambalo nilikuwa silishiki mwanzo sasa nalishika chini ya mbavu. Tukapunguza dripu, tukaendelea kumnywesha kidogokidogo kwa kijiko mpaka alfajiri. Mtoto alipona, lakini si kwa kitabu changu.

Kitabu kile hakikusema uongo. Kiliandikiwa mtoto mwenye mwili mwingine, katika nyumba yenye mashine ya kupumulia chumba cha pili, ambapo maji yakizidi kuna pa kumkimbizia. Moyo wa mtoto mwenye utapiamlo mkali hauyawezi maji yale kwa mbio zile.

Miaka ilipopita, jambo la maji likaja kupimwa rasmi, na sehemu ya kazi hiyo ilifanyika hapa jirani, Kilifi. Ni ule utafiti uitwao FEAST, uliochapishwa 2011. Watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Tanzania, wenye homa kali na dalili kwamba damu haizunguki vizuri mwilini. Wa kuharisha na wa utapiamlo mkali hawakuingizwa. Baadhi walimiminiwa maji ya haraka kama vitabu vikubwa vilivyoagiza, wengine hawakumiminiwa. Katika saa 48 za kwanza, waliomiminiwa walifariki 10 na nusu hivi katika kila 100. Wasiomiminiwa, 7.3 katika kila 100. Fikirini hapo. Tulilokuwa tukilifanya kwa nia njema, kwa mkono ulioshika kitabu, lilikuwa linaongeza vifo, na aliyetufundisha ni watoto wa kwetu wenyewe.

Kwa hiyo mtu akiniuliza kitabu gani kwanza, namjibu bila kusita: kile kijitabu cha Wizara ya Afya ya Kenya cha miongozo ya msingi ya watoto, kinachoendana na mafunzo ya ETAT+, yale ya kumpima haraka na kumtibu mtoto aliye mahututi. Kilitoka mara ya kwanza 2005 na kimekuwa kikirekebishwa tangu hapo. Ni kidogo, kinaingia mfuko wa koti na nafasi ya kalamu inabaki. Dozi zimepangwa katika jedwali kwa uzito, na dalili za hatari zimepangwa kwa namna unavyomkuta mtoto: pumzi kwanza, kisha damu, kisha fahamu. Shirika la Afya Duniani lina chake cha mfukoni pia, cha 2005, kikatoka tena 2013, kinene kidogo na chenye maelezo zaidi. Hivyo viwili ni ndugu.

Kasoro vinazo? Kijitabu cha taifa katika matoleo niliyoyatumia kimelenga watoto wa mpaka miaka mitano. Mtoto wa miaka tisa mwenye seli mundu, na hapa Pwani tunao wengi, anayelia kwa maumivu ya mifupa, hutamaliza shida yake mle. Hapo ndipo kile cha pili kinapohitajika, cha ng'ambo au cha hapa, na hapo hata Harriet Lane ana msaada mkubwa. Mimi mwenyewe ninacho mpaka leo. Kimekaa chumba cha madaktari, juu ya kabati, na nikikifungua najua nafungua mlango wa nyumba ya watu.

Sasa nije kwenye jambo lililonitoa nyumbani. Ninyi mnachagua kitabu kama mtu anayechagua viatu: kinitoshe mimi. Mimi nawaambia chagueni kitabu alichonacho aliye karibu nanyi. Yule sista aliniokoa kwa macho na uzoefu wa miaka. Je, angekuwa ni muuguzi wa mwezi wa kwanza? Asingekuwa na la kusema, maana yeye hakijui kitabu changu, na ukurasa wangu hawezi kuupinga. Lakini wodi nzima ikishika kitabu kimoja, daktari, afisa wa kliniki, muuguzi, mpaka mtu wa dawa kule dirishani, basi kila dozi ninayoandika inapita mbele ya macho matatu yanayoijua. Muuguzi mgeni anafungua ukurasa uleule anasema, "Daktari, hapa pameandikwa vingine." Hiyo si dharau, ndiyo kazi yake.

Tazameni jentamisini, ile antibiotiki ya sindano. Mtoto wa kilo 8, kwa miligramu 7 na nusu kwa kilo, ni miligramu 60 kwa siku, mara moja. Kuna kichupa chenye miligramu 20 katika mililita 2. Kwa hicho utavuta mililita 6. Kuna kichupa kingine, kimo kilekile, mililita 2 zilezile, ndani mna miligramu 80. Kwa hicho utavuta moja na nusu. Daktari mwenye haraka ameandika "mililita 6", hakuandika miligramu, na leo vile vidogo vimekwisha. Muuguzi akavuta 6 kutoka vile vikubwa. Mtoto amepata 240. Dawa hiyo ikizidi inaharibu figo na masikio, na mtoto mdogo hatakwambia kwamba hasikii. Wahenga wa Pwani walisema maji ya kifuu ni bahari ya chungu, yule mdudu mdogo, nami sijasikia maneno yanayofaa kubandikwa ukutani kwenye meza ya dawa za watoto kuliko hayo. Basi kitabu kizuri kinakupa miligramu kwa kilo, na wodi nzuri ina mtu wa pili anayeisoma hesabu hiyo kabla sindano haijaingia.

Tazameni pia mwaka wa toleo, hasa ninyi mnaonunua vitabu vya mitumba au kutoa kopi. Kitabu kinachokwambia malaria kali ya mtoto uanze na kwinini, kirudisheni rafuni. Mwaka 2010 yalitoka matokeo ya utafiti wa watoto 5,425 katika nchi tisa za Afrika: waliopewa kwinini walifariki 10.9 katika kila 100, waliochomwa artesuneti 8.5. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likabadilisha agizo lake. Kitabu cha kabla ya hapo kimejaa mengi ya kweli, lakini ukurasa huo unaua.

Simu? Uwe nayo, weka kitabu humo. Lakini stima hupotea, chaji huisha, na kioo chenye damu ya mtoto hakisomeki. Karatasi iwe mfukoni.

Na mkishakipata, kifanyeni chenu. Wekeni alama kwenye kurasa tano mnazozifungua kila zamu. Andikeni kwa kalamu pembeni vichupa mlivyonavyo kwenye wodi yenu vina miligramu ngapi. Changu cha kwanza kilikuwa na doa la chai kwenye ukurasa wa nimonia, nami nilikuwa nikilifuata doa.

Kabla hamjatoa pesa, kijaribuni. Msikitazame jalada wala jina la chuo kikuu. Kumbukeni wagonjwa watatu wa wiki iliyopita, mmtafute kila mmoja kitabuni, mjipime kwa saa. Hapa mezani nimeweka vitabu vitatu na hapa pana saa yangu. Mtoto wa miaka miwili, kutoka Likoni, amekunywa mafuta ya taa yaliyokuwa kwenye chupa ya soda. Mamake anataka kumtapisha. Mnajua kwamba asitapishwe, lakini nataka mniletee ukurasa unaosema hivyo, na unaosema tumfanyie nini baadaye. Aje mwuguzi mmoja, mwanafunzi wa ukliniki mmoja, na mwanagenzi mmoja. Njooni mbele. Nikisema anza, fungueni.