Mgeni Asiyefika Ofisini: Kumpokea Mfanyakazi Mpya Anayefanya Kazi Akiwa Mbali

Viongozi wa idara za rasilimali watu, ndugu zangu mlioko ukumbini na mnaotufuatilia mtandaoni kutoka mikoani, habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie mafunzo elekezi kwa waajiriwa wapya ambao ofisi yao ni chumba cha nyumbani kwao. Waajiri wengi hapa Dar es Salaam leo wana mtu Mwanza, mwingine Mbeya, mwingine Nairobi, na wote wanafanya kazi ya idara moja. Kuwaajiri watu hawa tumejifunza. Kuwapokea bado, na hilo linaniuma.

Nianze na mambo ya karatasi, niyapite haraka. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 15, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi anapoanza kazi: kazi yenyewe, tarehe ya kuanza, malipo, saa za kazi na mahali pa kazi. Kwenye mahali pa kazi wengi huandika "Dar es Salaam" kwa mazoea, wakati mtu anaamka na kulala Nyegezi, Mwanza. Andikeni ukweli. Saa za kazi nazo ziheshimiwe. Kikomo cha sheria ni saa 45 kwa wiki na saa 9 kwa siku, na anayefanyia kazi nyumbani hana mlinzi wa kumwambia jioni kwamba anafunga geti. Namba ya NIDA, TIN, NSSF, taarifa za Bodi ya Mikopo kwa aliyesoma kwa mkopo, vyote vikusanywe kabla, ili siku ya kwanza isiishie kwenye kuskani vyeti.

Vifaa pia. Kompyuta inayotumwa kwa basi Ijumaa jioni kwa mtu anayeanza Jumatatu ni dalili kwamba hatukumtarajia. Itumwe wiki moja kabla, programu zikiwa zimeshawekwa, naye ajue ampigie nani ikigoma. Bando lilipwe na ofisi mwanzoni mwa mwezi. Kumwambia atunze risiti atarudishiwa baadaye ni kumwomba mtu aliyetoka kutafuta kazi aikopeshe kampuni.

Na mzungumze naye kuhusu umeme na mtandao kabla havijakatika. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu, mtandao ulisuasua nchi nzima. Waliokuwa pamoja walilalamika pamoja, wakajua ni la wote. Mgeni aliye peke yake nyumbani hudhani tatizo ni lake, anazima na kuwasha kifaa mara kumi, moyo ukimwenda mbio kwamba atahesabiwa mtoro. Mpeni tangu siku ya kwanza namba ya simu ya kawaida na kauli iliyo wazi: mtandao ukikata, tuma ujumbe mfupi, hakuna atakayekuuliza zaidi.

Sasa nifike pale ninapotaka kukaa. Ofisini mtu mpya hufundishwa na masikio yake. Anamsikia mhasibu kwenye simu, anajua malipo hutoka Alhamisi. Anaona watu wanavyomwita mkurugenzi. Kwenye chai ya saa nne mtu anamnong'oneza kwamba fomu ile usiipeleke kwa fulani, mpe fulani, itatoka leo leo. Masomo hayo hakuna aliyeyapanga, na ndiyo yanayomfanya mtu awe mwenyeji. Aliye mbali hapati hata moja. Anabaki na yale tu ambayo mtu fulani ameamua kumwambia.

Tutazame na malezi yetu. Binti wa miaka 24 ameongezwa kwenye grupu la WhatsApp la idara. Picha za wasifu ni maua na watoto wa watu. Hajui nani ni wa kuitwa mama, nani dada. Atoe shikamoo? Kwa nani? Akimwita mtu kwa jina tupu ataonekana hana adabu, kwa hiyo ananyamaza. Msimamizi anausoma ukimya ule kama uvivu, au majivuno. Wote wawili wana nia njema, na tayari kuna ukuta kati yao. Nimeliona jambo hili likirudiwa mara nyingi mno, na kila mara anayeondoka na jina baya ni yule mdogo.

Au kwenye kikao. Kiongozi anauliza, "Kuna swali?" Jibu ni "Hapana, nimeelewa." Hapa sote tunajua kwamba jibu hilo ni heshima kwa mkubwa, na halina habari yoyote kuhusu kuelewa. Mwambieni afungue kazi yake kwenye skrini aonyeshe alipofika. Mahali alipokwama mtapaona, bila yeye kulazimika kukiri mbele ya wakubwa kwamba amekwama. Na katika vikao hivyo msimlazimishe kuwasha kamera. Wengi wamepanga chumba kimoja, na nyuma ya kiti kuna kitanda.

Ninachowaomba ni kimoja: kila mgeni apewe mwenyeji. Mtu mmoja, anayejulikana, rika lake au aliyemzidi kidogo, na asiwe msimamizi wake. Kampuni ya GitLab, ambayo wafanyakazi wake wote hufanya kazi wakiwa mbali, humpa kila anayeingia mwenzake wa kumshika mkono, na mwongozo wake wa kazi uko wazi mtandaoni, yeyote anaweza kuusoma. Wengi wetu mwongozo wa namna hiyo hatuna, na hautaandikwa mwaka huu. Basi kwetu mwenyeji ana kazi kubwa zaidi.

Siku ya kwanza ampigie mgeni simu, waongee kwa sauti. Amtajie watu mmoja mmoja: huyu ni mama, shikamoo yake usiiache, huyu usimwandikie, mpigie, huyu akijibu kwa kifupi usiogope, ndivyo alivyo. Kwa wiki mbili wapigiane kila siku, dakika kumi na tano, hata kama hakuna la kujadili. Kisha mara mbili kwa wiki, hadi mwezi wa tatu.

Na muda huo uhesabiwe kuwa kazi. Mwenyeji apunguziwe majukumu, jambo hilo liingie kwenye tathmini yake. Tukimteua kwa barua pepe na kumwachia mzigo wake wote, wiki ya tatu simu zitakuwa zimekwisha. Kwa maoni yangu ni heri kutomteua kabisa. Mgeni aliyeambiwa yupo wa kumuuliza, kisha akamkuta bize kila mara, hatauliza mtu mwingine tena.

Liko jambo moja ambalo miongozo ya ughaibuni hailigusi: michango na misiba. Mtu hajapokea mshahara wa kwanza, tayari yumo kwenye grupu la harusi na kadi ya mchango imemfikia. Mwenyeji amweleze desturi ya ofisi ni kiasi gani, na kwamba hakuna anayemdai kabla mshahara haujaingia. Akifiwa, tumtendee kama tunavyomtendea aliyeko hapa makao makuu. Kama tuna mfanyakazi mwingine katika mkoa ule, aende akakae msibani kwa niaba yetu, na ofisi ilipe nauli. Rambirambi iliyotumwa kwa simu ni nzuri, ila ndugu zake watamuuliza, "Wa kazini kwako wako wapi?" Naomba awepo mtu wa kumwonyesha.

Nakaribisha maswali. Kwa kawaida mlioko mtandaoni huulizwa mwisho, muda ukiwa umekwisha, kwa hiyo leo tuanze nanyi. Naona mkono umenyooshwa kutoka Mwanza. Karibu dada.