Nimetembea Ndani ya Handaki la Hezekia, Kandambili Moja Ikanitangulia

Habari zenu watu wangu. Mama, najua unaangalia huko Marangu kwenye simu ya mjukuu wako, shikamoo mama. Wengine wote karibuni. Hapa nyuma yangu ni British Museum, London. Mvua mnaisikia wenyewe, nimejibanza kwenye nguzo hapa mlangoni, kwa hiyo mkisikia sauti inakwenda inarudi mnivumilie.

Kwa wageni wa chaneli: mimi ni fundi bomba. Naishi Reading, nazibua masinki ya watu, ndiyo kazi yangu. Siyo mchungaji na siyo mwanahistoria, kwa hiyo msije mkanibana kwenye komenti na Kiebrania. Ila kwenye video iliyopita mmoja wenu aliuliza, hivi haya ya kwenye Biblia kuna hata jiwe moja la kuonyesha? Nikasema nitajibu kwa kisa kimoja tu, kisa ambacho mimi kama mtu wa maji nakielewa. Fungua 2 Wafalme, sura ya 18 hadi ya 20. Hezekia na Senakeribu.

Kwa ufupi: Hezekia mfalme wa Yuda aligoma kumtumikia mfalme wa Ashuru. Mwaka 701 KK Senakeribu, ndiye mfalme wa Ashuru wakati huo, akashuka na jeshi. Sasa Yerusalemu ilikuwa inategemea chemchemi moja, Gihoni, iko chini kabisa bondeni. Jeshi likikaa pale wewe huku juu unakufa kiu. 2 Nyakati 32 inasema Hezekia alifanya kikao na wakuu wake, wakaziba chemchemi za nje, na maji ya Gihoni akayaelekeza yashuke upande wa magharibi wa mji wa Daudi. Mtu anasikia vita vinakuja, anaita mafundi wa maji. Huyo mfalme namwelewa.

Haya, twende ndani, nilirekodi asubuhi. Chumba namba 10b. Haya mawe ya jasi mnayoyaona yametoka kwenye jumba la Senakeribu kule Ninawi, leo ni Mosul, Iraki. Aliyeyafukua ni Mwingereza Austen Henry Layard, katikati ya karne ya 19. Chumba kizima cha jumba la mfalme kilipambwa kwa vita vya mji mmoja tu: Lakishi, mji wa Yuda. Ndiyo ile Lakishi ya 2 Wafalme 18, Hezekia alikotuma ujumbe kusema nimekosa, niondokee, nitalipa.

Angalieni hapa kwenye mashine ya kubomolea ukuta. Waliozingirwa wanarusha mienge ya moto kutoka juu. Sasa ndani ya mashine, ona huyu askari mmoja, ana upawa wenye mpini mrefu, anamwagia maji mbele ya mashine isishike moto. Upawa, kama wa kupakulia mbege! Nilisimama hapo dakika kumi. Katika jeshi lote lile, na mishale na ngazi na mateka waliotundikwa kwenye miti, yuko mmoja kazi yake ni maji.

Halafu sogea kulia. Watu wa Lakishi wanatolewa. Mkokoteni wa ng'ombe, mizigo imefungwa, wanawake na watoto wameketi juu ya mizigo. Hakuna aliyeangalia nyuma. Picha hii niliiona nikiwa mdogo kwenye magazeti ya mwaka 1994, wakimbizi wa Rwanda barabara ya Ngara, sema wale hawakuwa na ng'ombe. Mwisho kabisa yuko Senakeribu mwenyewe kwenye kiti chake, na maandishi pembeni yanasema mfalme wa dunia ameketi, nyara za Lakishi zinapita mbele yake. Lakini uso hana. Umepigwapigwa makusudi zamani hizo hizo. Ninawi ilianguka mwaka 612 KK, na inaelekea kuna mtu alipita pale na hasira zake.

Ghorofani, chumba namba 55, kuna kitu cha udongo uliochomwa, kina pande 6, kimo kama chupa kubwa ya soda, maandishi ya vijikabari yamejaa mpaka ukingoni. Wanakiita Taylor Prism. Hapo Senakeribu anajisifu kwa mdomo wake mwenyewe. Anasema nimeteka miji 46 ya Hezekia yenye ngome, nimetoa watu 200,150, na Hezekia mwenyewe nimemfungia Yerusalemu kama ndege ndani ya tundu.

Subiri kwanza. Miji 46 kaiteka. Lakishi kaichongea ukuta. Yerusalemu, mji mkuu, anasema nimemfungia. Hasemi nimeingia. Kama angeingia, mnadhani tusingeoneshwa? Tungeoneshwa mpaka jikoni kwa Hezekia.

Na kuna suala la hela. Biblia inasema Hezekia alilipa talanta 30 za dhahabu na 300 za fedha. Senakeribu anasema talanta 30 za dhahabu na 800 za fedha. Dhahabu wamekubaliana, fedha ndiyo wanabishana, kama mpangaji na mwenye nyumba kwenye bili ya maji. Kwangu mimi hapo ndipo kisa kinapokuwa cha kweli zaidi, pale pasipolingana. Watu wawili waliopanga uongo wangelinganisha hesabu.

Najua mtauliza malaika ambaye Biblia inasema aliua askari 185,000 wa Ashuru usiku mmoja. Kwenye udongo wa Senakeribu hayupo. Akiolojia haichimbi malaika, wapendwa. Mimi nasali, nina ninachoamini, lakini sitawadanganya kwamba nimekiona kwenye kabati la kioo.

Haya, sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Machi 2023 nilikwenda Yerusalemu na kundi la kanisa. Hii ndiyo video niliyokuwa nawaahidi. Handaki la Hezekia, lile la kuyapitisha maji ya Gihoni, liko kwenye mteremko wa Silwan, kusini mwa ukuta wa mji wa zamani. Juu ya handaki ni mtaa wa watu, Wapalestina wengi, na mgogoro wa nani ana haki na ardhi ile bado ni wa moto. Kiongozi wetu alipapita hapo haraka haraka. Mimi nawaambia tu kwamba historia ile ina nyumba za watu kichwani.

Unashuka ngazi mpaka Gihoni, unawasha tochi, unakunja suruali. Maji mwanzoni yalinifika mapajani, ya baridi, halafu yakashuka chini ya magoti. Handaki ni jembamba, mabega yanagusa kuta. Linakwenda mita 533, na limepindapinda kama nyoka, maana kwa mstari ulionyooka ni kama mita 320 tu. Sasa sikilizeni hii. Kutoka mwanzo hadi mwisho sakafu inashuka kama sentimita 30. Thelathini! Mimi hapa Uingereza bomba la maji taka nalilaza moja kwa arobaini, yaani kila mita moja linashuka sentimita 2 na nusu. Kwa mtindo wangu handaki lile lingeshuka zaidi ya mita 13. Wao kila mita hawafiki hata milimita moja, gizani, kwa patasi, na taa ya mafuta.

Nilikuwa nimevaa kandambili. Kosa langu, tuliambiwa viatu vya kufunga. Katikati ya giza ya mguu wa kushoto ikanivuka. Napapasa, haipo. Bibi mmoja wa kundi letu alicheka mpaka mwangwi ukarudi. Nikaendelea kwa kuchechemea. Karibu na kutokea, naikuta imejibanza kwenye ukuta, inanisubiri. Maji yale yanayoonekana yametulia yalikuwa yanatembea muda wote. Mlalo wa Hezekia unafanya kazi mpaka leo, nina shahidi, yuko kwenye kabati la viatu nyumbani.

Nilimkumbuka babu. Mnaotoka Uchaggani mnajua mfongo. Mfereji unaanzia korongoni huko juu, unazunguka ubavu wa mlima, unakuja kuingia mgombani. Pima maji hawana. Wanachimba kidogo, wanafungulia maji kidogo, maji yenyewe yanasema umepatia au umekosea. Sasa hawa wa Yerusalemu walichimba kutoka pande mbili, kundi moja Gihoni, kundi lingine huko chini kwenye birika la Siloamu, maji yanakoishia. Hawa wa birikani hawakuwa na maji ya kuwaambia kitu. Wengine wanasema walifuata ufa wa asili kwenye mwamba, wengine wanasema kuna watu walikuwa wanagonga kutoka juu kuwaongoza. Upande wa Siloamu dari linapaa hadi mita 5, na maelezo ni kwamba baada ya kukutana waliona sakafu iko juu mno, wakaishusha. Walikosea, wakarudia. Hapo nikawapenda.

Tarehe je? Mwaka 2003 zilitoka majibu ya vipimo vya mabaki ya mimea kwenye plasta ya sakafu na vya mawe ya chokaa yaliyoota ndani, yakaangukia karibu na mwaka 700 KK. Wapo wasomi wanaoendelea kubisha, ni haki yao.

Ukitokea unakaribia birika la Siloamu, lile la Yohana 9, yule kipofu alipotumwa kunawa. Ngazi za birika la nyakati zile zilionekana mwaka 2004. Waliozigonga wa kwanza siyo maprofesa. Lilikuwa linatengenezwa bomba la maji taka! Mwanaakiolojia aliyekuwa anaangalia kazi ile akaziona ngazi, akaisimamisha. Nimewaambia wateja wangu wote habari hii.

La mwisho, mvua imepungua. Mwaka 1880 kijana mmoja alikuwa anacheza kwenye maji ya handaki, karibu na kutokea, akaona maandishi kwenye ukuta. Mistari 6, Kiebrania cha kale. Baadaye yalikatwa na kung'olewa, na kwa kuwa nchi ilikuwa chini ya Waturuki, leo yako Istanbul. Yanasema hivi: zikiwa zimebaki dhiraa 3 kutoboa, ilisikika sauti ya mtu akimwita mwenzake. Wachimbaji wakagonga, huyu kumwelekea yule, sululu kwa sululu, na maji yakatoka kwenye chemchemi kwenda birikani, dhiraa 1200.

Basi. Hakuna jina la Hezekia, hakuna la Mungu, hakuna la Senakeribu. Mfalme wa Ashuru alijaza ukuta mzima jina lake. Hawa wameandika urefu wa kazi, na kwamba walisikiana.

Mahali walipokutana panaonekana, alama za patasi zinageuka upande. Niliweka mkono hapo. Nimekata hii video kidogo maana nilikuwa nimenyamaza muda mrefu na mngefikiri simu imeganda.

Istanbul nitakwenda, Mungu akipenda, tikiti naiwinda. Treni yangu ya Reading inatoka Paddington saa kumi na moja na nusu, na kesho alfajiri kuna mtu wa ghorofa ya tatu bomba lake linavujia kwa jirani wa chini. Mama, nitakupigia nikifika.